Bwawa Lililodai Linachemka

Mwaka ule nilikuwa nampenda mtu hadi najionea aibu mwenyewe. Nikimwona anaingia getini na begi lake la vifaa, miguu ilikuwa inataka kukimbia, na sijui kama ilitaka kumkimbilia au kumkimbia. Nilikuwa mtu mzima, nimesoma ufundi umeme, nimeshafanya kazi kiwandani Dar es Salaam, na bado nilikuwa nachekacheka peke yangu kama mtu aliyeonja pombe ya mtukuru asubuhi. Mama yangu aliniuliza kama meno yananiuma, maana kila akigeuka ananikuta nimeyaanika.

Mtu mwenyewe alikuwa fundi, Mnyiramba wa upande wa Sekenke. Wajomba zake walikuwa wanachimba dhahabu kule, na yeye alianzia kwa kuwatengenezea pampu za kuvuta maji mashimoni. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na mashine kwa sauti ya chini kama anambembeleza mtoto ale uji. Mimi mtu wa hasira za karibu nilikuwa naisikiliza ile sauti na kulainika kabisa. Alishatuma mshenga nyumbani kwetu, na mshenga alishapokelewa vizuri. Lililobaki ni kikao cha wazee, na kwa kuwa baba yangu alikuwa amefariki, neno la mwisho lilikuwa la baba mdogo.

Hoteli tuliyokuwa tunafanyia kazi sote watatu, mimi, fundi na baba mdogo, ilikuwa Mandewa, hapo Singida mjini. Mwenye hoteli alikuwa mama mmoja aliyepanda na mafuta ya alizeti soko lilipofunguliwa. Ndiyo ilikuwa miaka hiyo. Kiwanda chetu kilibinafsishwa, tukaambiwa ahsanteni sana nendeni nyumbani, na wakati sisi tunashuka kwenye basi na mabegi, wengine walikuwa wanapandisha ghorofa. Nilikwenda kwa yule mama kuomba kazi ya ufundi. Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, akanipeleka mapokezi. Alisema sura yangu inafaa kupokea wageni. Nilinuna, nikanuna, halafu nikagundua kuwa dirisha la mapokezi linatazama bwawa la kuogelea, na bwawani ndiko yule fundi alikokuwa anafunga mashine. Kununa kukaisha.

Bwawa lilikuwa la maji ya moto. Aliyewahi kukaa Singida Juni na Julai hataniuliza kwa nini, kwa sababu ule upepo wetu hauna adabu, unaingia hadi kwenye mifupa. Mama mwenye hoteli alikuwa ameona bwawa la namna hiyo Dubai, akanunua mitambo iliyotumika na kuileta kwenye kontena. Ndani yake kulikuwa na kisanduku cha kuendesha kila kitu chenyewe, kina tarakimu nyekundu, ambacho mtaa mzima ulikiita kompyuta. Kazi yake haikuwa ngumu kuielewa. Kijiti cha chuma kinakaa kwenye maji na kupima joto. Nyaya zake zinatoka hapo hadi kwenye boksi la jointi, pale nyaya zinapounganishwa, kando ya bwawa, kisha waya mrefu unakwenda hadi chumba cha pampu kwenye kisanduku. Maji yakipoa, kisanduku kinawasha hita. Maji yakipata moto wa kutosha, kinaizima.

Msimamizi wa bwawa alikuwa baba mdogo. Maisha yake yote alikuwa mrina asali kule Itigi, kwenye vile vichaka ambavyo mtu mgeni akiingia anatoka hana shati. Baba alipofariki aliiacha mizinga yake kwa jamaa, akaja kutulea mimi na mama, na sijawahi kumsikia akilalamika hata siku moja. Hoteli ilipofunguliwa akapewa bwawa alilinde. Alilichunga kama ng'ombe wa mahari. Alikuwa akiokota majani kwa mkono, akiwafokea wageni wanaotaka kuingia na viatu, na kila asubuhi alikuwa akija mapokezi kuniambia, kwa uso mzito, kwamba bwawa limeamka salama.

Basi bwawa likaanza vituko. Asubuhi tarakimu zinasoma vizuri, maji vuguvugu, wageni wanafurahi. Mchana ghafla kisanduku kinaandika nyuzi sabini na kitu, eti bwawa linachemka. Hita inazima. Maji yanapoa hadi yanauma, na kisanduku bado kinashikilia kwamba yanachemka. Kesho yake kimepona chenyewe, kinasoma vizuri kama hakuna kilichotokea. Keshokutwa kinarudia. Ugonjwa unaokaa kila siku unatibika, lakini huu wa kuja na kuondoka unamtia fundi wazimu, kwa sababu ukifika na vifaa vyako unakuta mgonjwa amekaa anacheka.

Siku moja alifika ofisa mmoja mwenye tumbo na taulo jipya. Akasoma tarakimu ukutani: sabini na nne. Akasimama ukingoni anawaza. Akashusha kidole gumba cha mguu taratibu sana, uso umekunjwa, kama anaonja supu ya makongoro iliyoko jikoni. Kidole kikagusa maji, akashtuka, akaruka nyuma huku akisema ameungua. Akaenda kukaa kwenye kiti akikipepea kidole. Maji yalikuwa baridi kama ya kisimani alfajiri. Nilijificha chini ya meza ya mapokezi nikacheka hadi mbavu zikaniuma, na kumbe baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

Hakuwa anacheka. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo mashine imefungwa na nani?"

Alikuwa anajua.

"Mimi maneno yangu ni machache," akasema. "Binti wa marehemu kaka yangu simpi mtu ambaye kazi yake leo ipo, kesho haipo. Kikao kipo palepale, Jumapili ya mwisho wa mwezi. Lakini lile bwawa likiendelea kutuaibisha, wazee watakula, watashiba, na mshenga ataondoka na jibu la hapana."

Hapo kicheko kilikatika. Baba mdogo hakuwa mtu wa kutisha watu halafu akasahau. Alikuwa akisema jambo, basi limekwisha. Tena hakulisema kwangu tu, aliwaambia na wazee wenzake, na mama mwenye hoteli naye akasikia, akaongeza lake: ikishindikana ataita fundi kutoka Arusha. Yule mtu wangu alikuwa amekalia kuti kavu pande zote mbili, na mimi nilikuwa nimekaa naye juu ya hilohilo kuti.

Nikamfuata chumba cha pampu saa ya chakula cha mchana. Nikamwambia, "Leo mimi si wa mapokezi. Niazime hiyo mita ya umeme."

Alikuwa ameshabadilisha fyuzi, ameshafungua hita na kuifunga, ameshakibembeleza kisanduku kwa maneno yote matamu anayoyajua. Nikamwambia tugawe njia. Tukakitoa kile kijiti majini, tukakiweka kwenye ndoo ya maji moto pamoja na kipima joto cha kioo tulichoazima zahanati, na mita ikasema kijiti ni kizima. Halafu tukakata upande wa kisanduku, na mahali pa kijiti nikafunga kipande nilichokichomoa kwenye redio mbovu, kile kidogo chenye mistari ya rangi, ambacho kipimo chake cha umeme hakibadilikibadiliki. Kama kisanduku ni kigonjwa, tarakimu zitacheza. Tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa tunakitazama. Wageni wakaogelea, baba mdogo akamwagilia majani, jua likageuka, na tarakimu hazikutikisika. Tulikaa mchana ule wote bega kwa bega tunatazama tarakimu zisizobadilika, na sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

"Kijiti kizima, kisanduku kizima," akasema. "Basi kibaya kiko katikati."

Katikati kulikuwa na boksi la jointi tu. Alisema hilo halimpi wasiwasi, maana alilifunga vizuri na hata alimwomba baba mdogo alichunge sana lisiingie maji. Nikasema tulifungue hivyohivyo. Tukangoja baba mdogo aende kula, tukainama pale kando ya bwawa, akalegeza skurubu. Kifuniko kikagoma. Akakivuta, kikatoka na kamba ndefu ya kitu cha rangi ya dhahabu, na sisimizi wakamwagika hadi kwenye viatu vyetu.

Tukatazamana. Nikachovya kidole nikaonja. Jamani, niliijua ile asali kabla haijafika kooni. Nimelelewa nayo. Nilipakwa nayo nilipoungua, nilinyweshwa nayo nilipokohoa, ilikuwa inakuja nyumbani kwa lori kutoka Itigi kwenye madebe tangu sijajua kutembea. Boksi zima la jointi lilikuwa limejazwa asali ya baba mdogo, na juu pembeni limezibwa kwa nta, kazi safi, kama mtu anayetayarisha mzinga.

"Uliniambia ulimwomba achunge maji yasiingie," nikasema.

"Ndivyo nilivyomwomba," akajibu.

"Basi amechunga."

Maji hayaingii kwenye asali, na asali haiozi. Hiyo kwa mrina ni hesabu iliyofungwa, huna pa kuipingia. Ila asali ikipata unyevu kidogo, wageni wakirusha maji au majani yakimwagiliwa, inapitisha umeme. Na kile kijiti kadiri maji yanavyopata moto ndivyo kinavyoruhusu umeme mwingi zaidi kupita. Kwa hiyo umeme ukikatiza kwenye asali, kisanduku kinaona mwingi unapita, kinaamini bwawa linachemka. Asali ikikauka, kinapona. Nilipomaliza kumweleza tulikuwa tumekaa chini kwenye sakafu tunacheka hatuna pumzi, sisimizi wanatupanda, yeye anajifuta machozi kwa mkono wenye asali na kujipaka uso mzima.

Tukasafisha kwa spiriti, tukakausha, tukafunga. Bwawa likatulia. Tukajiona tumeshinda, hadi Ijumaa, nilipochungulia dirishani nikamwona baba mdogo anakuja na kibuyu. Alipiga magoti kando ya boksi, akalifungua kwa bisibisi yake mwenyewe, akatikisa kichwa kwa masikitiko kuona asali imekwisha, akajaza upya. Alisukuma nta kwa kidole gumba pembe zote, akalipangusa boksi kwa shati lake. Kabla ya jioni bwawa lilikuwa linachemka.

Sasa mtu atasema, si mngemwambia. Mngemwambia nani? Mzee aliyetangaza mbele ya wenzake kwamba atamkataa mkwe kwa sababu ya ubovu wa bwawa, umwendee umwambie mzee shikamoo, ubovu ni wewe? Mimi nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshavaa hasira zangu na viatu. Yule mtu wangu ndiye aliyenishika mkono.

"Mimi siwezi kuingia kwenye familia kwa kumwumbua baba mkwe," akasema. "Hata nikipewa mke siku hiyo, nitakuwa namtazamaje mzee?"

"Usipomwumbua hutapewa mke, na huyo baba mkwe wa kumtazama hutakuwa naye," nikamjibu. "Chagua."

"Nitatafuta njia."

Nikamwambia njia zake na upole wake vitaniacha nazeeka mapokezi. Niligombana naye vizuri sana siku ile, na alivyokuwa anainamisha kichwa kunisikiliza nikazidi kumpenda, jambo lililonikera zaidi. Nikaenda kwa mama. Mama akacheka hadi akakaa chini, kisha akasema mficha uchi hazai, mwambieni. Nikamwambia aseme yeye, si ni shemeji yake, wanataniana kila siku. Akafuta macho kwa kanga, akasema utani una mipaka, na siku za posa si za kumtania shemeji kuhusu posa. Nikajaribu mafumbo. Nikamwambia baba mdogo kwamba nimesikia mahali fulani sisimizi wanaharibu mitambo. Akasema ni kweli, ndiyo maana yeye anaziba kwa nta.

Wiki ya mwisho yule mtu wangu alikuja na boksi jipya la jointi, akaniita chumba cha pampu, akanionyesha alichokuwa amefanya. Waya wa kijiti ulikuwa sasa unapita ardhini kwenye bomba, moja kwa moja hadi ndani, na jointi yenyewe ameipandisha juu ukutani karibu na dari. Sikuelewa. Nikamwuliza lile boksi la kando ya bwawa limekwenda wapi.

"Lipo," akasema.

Nikatoka nje. Lilikuwepo palepale, skurubu zilezile, nyaya zinaingia upande mmoja kama kawaida. Nikalifungua. Nyaya zilikuwa zimekatwa ndani na kuishia hapo. Halikuwa limeunganishwa na kitu chochote duniani. Alikuwa amemwachia baba mdogo boksi lake la kujazia asali.

Sikumbuki kama nilimkumbatia au nilimpiga. Nadhani vyote viwili. Tulikaa dirishani Ijumaa ile, mimi na yeye, tukamwangalia mzee anakuja na kibuyu chake, anapiga magoti, anafungua. Akakaa pale kwa muda. Tukaona mgongo tu. Kisha akajaza, akaziba, akapangusa, akaondoka zake, na bwawa likabaki vuguvugu hadi jioni, na kesho yake, na Jumapili asubuhi tulipotoka kanisani lilikuwa bado vuguvugu.

Kikao kilikaa sebuleni kwetu. Wazee wa kwetu upande mmoja, mshenga na wajomba wawili wa Iramba upande wa pili, yule mtu wangu karibu na mlango, macho chini. Mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya pazia, nimeambiwa nikande unga na nisionekane. Niliukanda ule unga kama nauadhibu. Nilimsikia mshenga akizungumza vizuri, akitaja kazi ya kijana, akisema hata bwawa la hoteli sasa limetulia na kila mtu ni shahidi. Wazee walikuwa wanamngoja baba mdogo. Mikono yangu ikasimama kwenye unga. Niliogopa siku ile kuliko siku tuliyofukuzwa kiwandani.

"Bwawa halikuwa bovu," baba mdogo akasema hatimaye. "Bovu nilikuwa mimi."

Mzee mmoja akauliza ana maana gani.

"Nilikuwa naweka asali kwenye boksi la nyaya. Nilidhani naziba maji. Ijumaa nimefungua, nikakuta nyaya zimeingia upande huu, upande ule hazitoki. Mimi nimerina tangu sina ndevu, mzinga uliotundikwa kwa kazi naujua, na uliotundikwa wa kumdanganyia mtu naujua. Nikatazama mlango wa chumba cha pampu ulio wazi, nikaona waya mpya umepanda ukutani. Nikaelewa yote. Nikaona aibu, wazee wangu. Nikakaa pale chini na aibu yangu. Kisha nikaweka asali."

"Ukaweka ya nini sasa, na umeshajua?"

"Kijana alikuwa amejisumbua kuniwekea boksi. Ningeliacha tupu, angejua nimejua."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia kiti kikilia, nikachungulia kwenye upenyo wa pazia. Baba mdogo alikuwa amesimama. Yule mtu wangu alikuwa ameinamisha kichwa hadi kidevu kimegusa kifua.

"Niliwaambia wote kwamba nitamkataa kwa sababu ya lile bwawa," baba mdogo akasema. "Alikuwa na neno moja tu la kusema ili mimi niaibike mbele yenu, apate mke siku hiyohiyo. Hakulisema. Mimi kaka yangu aliniachia mtoto mmoja, na nilikuwa naogopa kila siku nitamwachia nani. Sasa siogopi. Mchukueni mtoto."

Mambo yalivyokuwa baada ya hapo hayakuwa ya heshima. Bibi harusi hukaa kimya hadi aitwe, na mimi nilijua hivyo, nilifundishwa hivyo. Lakini vigelegele vilinitoka vyenyewe jikoni, virefu, na unga hadi kwenye viwiko. Mama akanirukia na kanga anizibe mdomo, akaniona uso, akaanza na yeye kupiga vyake huku analia.

Sebuleni walisikia vyote. Mjomba mmoja wa Iramba akakohoa. Akasema kwa taratibu za kawaida hapa ndipo binti huitwa aje aulizwe mbele ya wazee kama ameridhia, lakini kwa leo yeye haoni sababu ya kumsumbua.